Kamera ya Dobi

Jumatatu, 4 Machi

Siku imefika. Kidole cha shahada nimekifunga kitambaa kwa sababu pasi imenilamba tena, naandika kwa tabu, lakini siku imefika.

Asubuhi Bosi alituita sote kaunta. Sote ni watu wawili: mimi, mpiga pasi wa duka hili la dobi, na yule mama wa chumba cha nyuma anayetoa madoa. Anajiita Mtaalamu na hataki kuitwa vingine. Bosi alikuwa amenuna. Akasema wateja wamemchosha. Mtu analeta suruali ina doa la mchuzi tangu enzi za babu yake, akija kuichukua anasema doa tumelitia sisi. Kuanzia sasa kila nguo itapigwa picha inapopokelewa, mwenyewe akiona. Anayetaka kubishana, abishane na picha.

Mtaalamu akapendekeza simu. Bosi akamkata jicho. Wiki iliyopita alijaribu simu yake mwenyewe, akaipiga picha suruali ya mteja, na kwa bahati mbaya picha ikaenda kwenye kundi la wakwe zake ikiwa na maelezo: imechanika makalioni. Wakwe walijibu kwa heshima. Mmoja alimpa pole. Kwa hiyo simu hataki kuisikia. Anataka kamera ndogo ya kidijitali, ya picha za kila siku, ikae kaunta na isilale nyumbani kwa mtu.

Kisha akatamka neno. Kamera yeye hazijui. Mimi na Mtaalamu kila mmoja atafute yake, tumwonyeshe Ijumaa. Atakayechagua vizuri ndiye atakayeitumia, na kwa kuwa kamera inakaa kaunta, naye atakaa kaunta.

Kaunta! Pale kuna kiti. Kuna feni. Mimi nimesimama kwenye joto la pasi miaka nenda miaka rudi, hata mtaa mzima unaniita Mvuke. Mke wangu anasema nikioga mara mbili bado nanuka pamba iliyoungua. Nikikaa kaunta nitakuwa mtu wa kusalimiwa, mtu wa "samahani kidogo mzee wangu". Nakitaka kile kiti kuliko ninavyotaka chakula.

Mtaalamu naye anakitaka. Anasema magoti yanamuuma. Yangu pia yameanza kuuma leo, saa ile ile aliposema yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda duka la kamera saa ya chakula cha mchana. Sikula. Vitani hakuliwi.

Muuzaji ni bwana mwembamba mwenye miwani kwenye paji la uso na subira ya muuguzi. Akaniuliza nataka kamera ya kupigia nini. Nikamjibu kwa mafumbo kwamba ni mambo nyeti ya kikazi. Akauliza kama ni harusi. Nikasema ni suruali.

Akashusha miwani machoni, halafu akaanza somo. Kwa picha za kila siku, akasema, tafuta kitu kinachoingia mfukoni, kinachoona vizuri hata mwanga ukiwa hafifu, kinachoweza kusogelea kitu karibu bila kutia ukungu, betri yake isizimike katikati ya kazi, na vitufe vyake uvielewe. Mengine ni mapambo. Nikajua huyu biashara haijui. Mwenye duka anayekuambia usichukue kikubwa ana lake jambo.

Macho yangu yalishatua kwenye moja inayovuta vitu vya mbali. Ukiiwasha lenzi inatoka nje kama shingo ya kobe. Unadhani imeisha, inatoka tena. Unashangaa, inatoka tena. Nikaielekeza dirishani na kusoma maandishi ya pakiti ya sabuni kwenye duka la ng'ambo ya barabara, mpaka tarehe ya kuharibika. Muuzaji akasema kwa sauti ya upole kwamba nguo iliyo kaunta iko pale pale mbele yangu, haihitaji kuvutwa. Nilimhurumia. Watu wengine hawana ndoto.

Utaratibu wake ni mzuri: unaacha kitambulisho, unapewa kamera ya kujaribia, ukiirudisha nzima unachukua kitambulisho chako. Nimeacha.

Mlangoni nikakutana na Mtaalamu anaingia. Tukasalimiana kwa adabu nyingi mno. Nikakohoa ili kuificha kamera. Sijui nani aliniambia kukohoa kunaficha kitu.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya mafanikio, ukiitazama vizuri.

Nilitandika shati la bluu kaunta, nikawasha kamera yangu. Ilikuwa imevutwa mpaka mwisho na sikujua inarudishwaje. Kuuliza si ujinga, lakini si mbele ya Mtaalamu. Kwenye kioo nikaona kifungo kimoja cha shati, kikubwa kama sahani. Nikarudi nyuma hatua chache. Kifungo na nusu. Nikarudi tena, nikatoka mlangoni. Nikavuka barabara kinyumenyume, mwenye baiskeli akanitukana mimi na wazazi wangu. Nikaingia kwa kinyozi bila kugeuka, nikaketi kwenye kiti chake kitupu, na kutoka pale, amini usiamini, shati likaenea lote. Nikabonyeza. Picha safi!

Tatizo ni kwamba katikati alikuwa anapita mke wa kinyozi.

Kinyozi akataka kujua kwa nini nampiga picha mkewe. Nikamwambia nalipiga shati. Akasema mkewe hakuvaa shati. Nikamwonyesha shati lilipo, ng'ambo ya barabara, ndani ya duka la watu, juu ya kaunta. Akasema uongo mrefu namna hiyo hajawahi kuusikia. Mambo yakaanza kuchemka, na mkononi alikuwa ameshika mkasi. Ikabidi niseme nimekuja kunyolewa kama mteja mwingine yeyote.

Sasa sina nywele.

Nilipovuka kurudi, Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Alisema taratibu tu kwamba mchagua jembe si mkulima, kisha akaenda chumba cha nyuma kuchekea huko. Nilimsikia ukutani mpaka saa kumi.

Kamera yake nimeiona. Nyeusi ti, nene, mbaya kama kipande cha sabuni ya mche. Amepiga kola ya shati, na uzi mmoja mmoja unauhesabu. Jasho unaliona lilipoanzia na lilipokomea. Picha haina huruma hata kidogo. Nani atapenda kuona kitu kama hicho?

Halafu faida: bila nywele, mvuke haunisumbui kichwani. Kinyozi hajui alivyonisaidia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebadilisha silaha.

Muuzaji alinitazama kipara, hakuuliza. Safari hii nikamwambia ukweli, kwamba nataka kamera ambayo mtu akiona picha zake atanipa kiti. Akafikiri, akanitolea moja ya rangi ya fedha, nyembamba, nyepesi, inakaa kiganjani kana kwamba ilizaliwa humo. Juu ina kitufe chenye kijiuso kinachotabasamu na kinyota pembeni. Akaeleza kuwa hicho ni cha picha za sherehe, kinalainisha na kuondoa kasoro. Akaongeza jambo kuhusu nguo na kukizima, lakini nilikuwa nimeshajipiga picha na masikio yangu hayakuwa tena pale dukani.

Jamani. Kumbe mimi ni mzuri.

Nyumbani nikamwonyesha mke wangu. Akaitazama muda mrefu, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akakataa. Akasema mumewe ana kovu la pasi shavuni, analijua kwa sababu ni yeye aliyelipaka dawa, na huyu hana kovu, hana mikunjo, na pua yake ni kama imefutwa. Akasema akikutana naye njiani hatamsalimia, maana yeye ni mke wa mtu.

Wivu mtupu. Nimemtia mke wangu wivu kwa ajili yangu mwenyewe. Kamera ya namna hii haishindwi.

Ijumaa, 8 Machi

USHINDI.

Niandike kwa mpangilio. Bosi aliketi kaunta na blauzi yake ya manjano, amekunja mikono. Mtaalamu akatangulia. Akapiga picha kifua cha ile blauzi, akamkabidhi. Doa la chai lilionekana, lile dogo ambalo Bosi mwenyewe alikuwa halijui. Uzi uliochomoka ulionekana. Na kwa juu, pembeni, kulikuwa na kitu kingine. Bosi akauliza hiki ni nini. Mtaalamu, ambaye Mungu alimnyima breki za ulimi, akasema hicho ni kidevu. Akasogeza kidole. Na hiki ni cha pili.

Adui akijichimbia shimo, usimnyang'anye jembe.

Zamu yangu. Sikupiga blauzi. Nilimwomba Bosi ageukie dirishani, ashushe mabega, afikirie siku mauzo yalipokuwa mazuri. Nikabonyeza. Bosi akaipokea kamera, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Machozi yakamlengalenga. Akasema huyu ni yeye alipokuwa anaposwa. Akauliza kama picha inaweza kuchapwa, na ikiwezekana iwe kubwa.

Mtaalamu akachungulia akauliza doa la chai limekwenda wapi. Nikamwambia husuda haijengi. Akasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bosi akasema tusiiharibu siku.

Chanda chema huvikwa pete! Kamera iliyonunuliwa ni yangu, ya rangi ya fedha. Na kwa kuwa mpiga pasi amepanda cheo, pasi ameongezewa Mtaalamu juu ya madoa yake, mpaka apatikane mtu.

Nimekaa kwenye kiti. Kinazunguka. Nimezunguka mpaka Bosi akaniambia basi.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza kwenye kiti. Feni inanipuliza kipara. Watu wananisalimia wa kwanza.

Kazi inakwenda kama maji. Nguo inakuja, naitandika, nabonyeza, mwenye nguo anaiona, anakubali kwamba ndivyo ilivyo, picha inahifadhiwa. Hakuna aliyekataa hata mmoja. Mwalimu mmoja alisema hakujua kwamba mapazia yake ni meupe kiasi kile. Wakili mmoja mwenye tai nyembamba ameleta koti la kijivu lenye doa la mafuta kwenye kola, la zamani, yeye mwenyewe alikiri. Nikalipiga. Likatoka safi, jipya, la kutamanika. Wakili akatazama picha kwa muda, akatazama koti, akanitazama mimi. Akasema asante sana. Mtu wa adabu.

Mchana akaja dereva wa lori na ovaroli lake limeganda grisi. Alipoona picha akauliza kama naweza kumpiga akiwa amelivaa. Kwa nini nisiweze? Akalivaa, akasimama mbele ya pazia, nikabonyeza. Alipendeza kama meneja wa benki. Akasema anaituma kwa mchumba wake sasa hivi, na akaondoka na ovaroli mwilini.

Mteja ameridhika, na hatukutumia sabuni wala maji. Ninashangaa kwa nini madobi wengine hawajalifikiria hili.

Jumatano, 13 Machi

Foleni! Inaanzia kaunta, inapita mlangoni, inafika kwa kinyozi. Dereva ametangaza. Wamekuja fundi wa magari, mpishi na aproni yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, na muuza mkaa mmoja ambaye shati lake lilitoka jeupe akanikumbatia. Kizuri chajiuza. Kila mmoja anapigwa picha, anaondoka amevaa kile kile alichokuja nacho, anatabasamu. Nawapa kumbukumbu ya picha kwenye simu zao. Bure, ni huduma.

Mtaalamu alikuja mbele, pasi mkononi, jasho linamchuruzika, akauliza nguo za leo ziko wapi. Henga zote zilikuwa tupu, zinagongana kwa upepo wa feni. Nikamkumbusha kwamba mimi ni wa mapokezi, na watu nimewapokea. Akasema akirudi Bosi tutaona.

Bosi amekwenda kwa wakwe zake kuomba radhi kwa ile picha ya suruali. Amechukua picha yake iliyochapwa, kubwa, kwenye fremu. Nasikia wakwe wameuliza ni mdogo wake yupi.

Alhamisi, 14 Machi

Vikwazo vidogo.

Bosi alirudi na furaha. Wakili naye akaja kuchukua koti la kijivu. Mtaalamu alikuwa amelisugua kwa kila dawa, na doa lilikuwa pale pale, kama lina hati ya nyumba. Wakili akaliona. Bosi hakutetereka. Nilimwona akivuta pumzi kwa raha, maana dakika hii ndiyo aliyoinunulia kamera. Akaniambia nimwonyeshe bwana picha ya koti lake lilivyopokelewa.

Nikamwonyesha, kwa fahari.

Wakili akasema kwamba alikuja na nia ya kukubali kuwa doa ni lake, la siku nyingi. Lakini sasa picha inaonyesha koti liliingia hapa bila doa, na linatoka na doa, na yeye ni nani hata abishane na picha. Akasema kwa miaka yake yote mahakamani hajawahi kuona upande wa pili ukijiletea ushahidi mzuri hivyo wa kujifunga. Akampongeza Bosi kwa mkono.

Amekubali kutulia kwa sharti kwamba tumfulie mwaka mzima bila malipo, yeye na nyumba yake. Ana watoto wengi, nasikia, na wanacheza mpira.

Bosi akaketi. Mtaalamu alichukua kamera, akabonyeza kile kijiuso kinachotabasamu mpaka kikazimika, akalipiga koti upya. Doa hili hapa, limetanda. Akakiwasha kijiuso, akapiga tena. Doa halipo. Bosi akamwambia arudie. Akarudia. Bosi akainua macho akaitazama ile picha yake ya fremu, ikiwa imechomoza kwenye mfuko wa safari, muda mrefu sana. Nilimwonea huruma kwelikweli, kwa sababu wakati ule hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyerudishiwa miaka yake yote kwa mkupuo.

Hasira ilikuja baadaye. Ilisikika mpaka kwa kinyozi.

Nilijitetea. Nikasema kosa si la kamera, kosa ni la doa. Nikasema pia kwamba Mtaalamu amekuwa kazini miaka yote na hajawahi kutoa madoa mengi kama niliyoyatoa mimi tangu Jumatatu. Haikusaidia.

Ijumaa, 15 Machi

Hukumu imetoka, na ukihesabu vizuri, nimeshinda.

Kweli, nimerudishwa kwenye pasi. Kweli, Mtaalamu amekaa kaunta na kamera yake nyeusi isiyo na huruma, ambayo Bosi ameinunua leo. Lakini tazama. Kwanza, analalamika kwamba kiti kinamtia kizunguzungu, kwa hiyo anakifaidi nusu tu. Pili, Bosi amesema hataki kuiona kamera ya fedha machoni pake, niichukue niondoke nayo. Mimi hiyo naiita zawadi ya utumishi. Tatu, picha ya Bosi haikutupwa. Ameitundika ukutani juu ya kaunta, na mteja akiuliza ni nani anasema ni yeye. Mtaalamu atashinda chini ya kazi yangu siku zote za maisha yake.

Mke wangu ameniuliza jioni nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kuwa watu hawako tayari.

Jumamosi, 16 Machi

Nyota yangu haikuzimika. Ilikuwa imefunikwa tu na mvuke.

Mchana Mtaalamu alikwenda kula, nikashika kaunta kwa muda. Akaingia daktari wa meno, amefuata makoti yake meupe. Anaonekana mtu aliyechoka. Tukazungumza. Akasema wagonjwa wake hawamwamini. Anamwambia mtu gego limeoza, mtu anasema halijaoza, daktari anataka hela tu. Amefikia uamuzi wa kutafuta kamera ndogo ya kidijitali, awe anampiga kila mgonjwa picha ya meno na kumwonyesha tundu lilipo kabla ya kugusa koleo. Ila kamera hazijui. Amesikia mtaani kwamba hapa kwa dobi kuna mtu aliyechagua kamera ambayo kila mtu anaizungumzia.

Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Nikasema ni mimi.

Akauliza kama ningekubali kumchagulia. Nikamwambia nimeshachagua, tena ninayo. Akauliza kama ningekubali pia kuja kupiga zile picha mwenyewe, maana yeye mikono yake huwa mdomoni kwa mtu. Kuna chumba cha mapokezi. Kuna kiti, kina hata mahali pa kuegemeza kichwa. Feni hakuna, kuna mashine ya kupoza hewa. Pasi haiko mahali popote kwenye jengo lile, niliuliza mara mbili.

Nimemuaga Bosi. Hakunizuia. Mtaalamu amenishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule daktari amewahi kuiona picha hata moja ya kamera yangu. Nimemwambia ataziona akizoea. Mtu akishakukosa ndipo anaanza kukuonea wivu hata kwa meno ya watu.

Naanza Jumatatu. Jioni hii nimefanya majaribio, kwa kuwa kazi ya hospitali si ya kukurupuka. Nina gego la nyuma, chini kulia, lina tundu la kuingia punje ya haragwe na limekuwa likinipigisha kelele. Nimepanua mdomo, nikawasha kijiuso kinachotabasamu, nikabonyeza.

Gego limetoka zima, jeupe pe, halina hata alama. Nimemwita mke wangu aje aone. Amesema shavu langu limevimba. Mimi nahisi hata maumivu yamepungua.